Mlango wa Nyuma wa Hoteli ya Mama

Katika hoteli ya mama, mlango wa mbele ulikuwa wa wageni. Aliyeingia kwa mbele aliketi, akasubiri, akaulizwa anakula nini, akaletewa. Wenyeji waliingia kwa nyuma, kupitia jikoni. Walifunua sufuria bila kuomba ruhusa, wakanusa matumbo, wakauliza kwa nini omena ya leo ina nyanya nyingi hivyo, kisha wakatokea upande wa meza wakiwa wanajua watakachokula na wameshagombana na mpishi. Cheo hicho hakikuombwa. Mtu alikuwa akija kwa mbele miezi na miezi, halafu siku moja mama anamwambia, "Mbona unazunguka huko kama karani wa kodi? Pita huku." Kuanzia hapo alikuwa wa nyumbani, na hata akihama Kaloleni akaenda kupanga Donholm kwenye nyumba zenye geti, akirudi kula alipitia jikoni.

Nasema hoteli kama tunavyosema sisi. Hapakuwa na kitanda hata kimoja. Kilikuwa chumba cha mbao na mabati karibu na barabara ya Jogoo, chenye meza moja ndefu, mabenchi, na madirisha mawili madogo yaliyotazama vumbi la barabarani. Nyuma palikuwa na jikoni, pametenganishwa na chumba kwa ukuta wa mbao usiofika juu. Ile hoteli ya aina nyingine, yenye vitanda na lifti, nimeifanyia kazi pia, katikati ya mji, nikitandika mashuka na kuwatabasamia watu ambao hawakuniona. Kwa hiyo tofauti ninaijua. Kule mgeni hubaki mgeni mpaka siku anayoondoka. Kwa mama, ugeni ulikuwa na mwisho.

Mpishi alikuwa mama mdogo, yule anayemfuata mama kwa kuzaliwa. Aliishi kwenye mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Reuben, na kila asubuhi alikuja kwa miguu akipita katikati ya viwanda, akafika kwetu akiwa na habari za watu wote aliokutana nao njiani. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na sisi, na alikuwa na kigoda chake pale kwenye mlango wa nyuma, mguu mmoja ndani, mwingine nje, ambapo alikaa kuchambua mboga na kuwatukana wenyeji wakipita. Kuwatukana ndiko kulikuwa kuwakaribisha. Fundi wa magari mwenye mikono myeusi kwa grisi angeinama kuingia, naye angemwambia, "Huyo sasa. Umekuja kula au kupaka sufuria yangu rangi?" Yule kijana angecheka mpaka mezani.

Ugonjwa ulipoingia nchini, hoteli zote zilifungwa kwa tangazo moja. Ile yenye lifti ilituita wafanyakazi ukumbini, ikatushukuru sana, ikatuambia tutapigiwa simu. Mpaka leo sijapigiwa. Ya mama aliifunga mwenyewe kwa kufuli, na ugali uliokuwa umeshapikwa tukaugawa mtaani siku hiyo hiyo. Nikarudi kuishi naye Kaloleni, katika nyumba aliyoachiwa na marehemu baba, ambaye alikuwa mtu wa reli. Tulikaa. Watu wanaosema kipindi kile kilikuwa kizuri kwa sababu familia zilipata kukaa pamoja, sijui walikuwa wanakula nini. Mama mdogo aliendelea kuja kila asubuhi, kwa mazoea tu, akaketi nasi na kunywa chai ya rangi. Hakulalamika. Alikonda, na gauni lake la kazi likaanza kumning'inia mabegani.

Kisha likaja tangazo lingine: hoteli za chakula zinaweza kufunguliwa, kwa masharti. Mama alisikiliza redio akiwa amesimama. Ilipokwisha, alinigeukia.

"Wewe umefanya kazi hoteli kubwa. Wao walijikingaje?"

"Walifunga."

"Hayo ndiyo maarifa yote ya watu wenye lifti?"

Mama mdogo alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Mama hakucheka. Alisema maneno ambayo nimeyabeba tangu siku ile, kwa sababu yote yaliyofuata yalitokana nayo. "Nitafungua, maana tukikaa hivi tutakufa njaa. Lakini sifungui ili niue mtu. Hakuna atakayepata ugonjwa kwenye meza yangu. Akipata hata mmoja, nafunga, narudi nyumbani kulima." Nyumbani alimaanisha magharibi, kwao, ambako alikuwa hajashika jembe tangu aolewe.

Mama si mtu wa kufanya jambo nusu nusu. Alimwita seremala, akaikata ile meza ndefu. Ilikuwa imetengenezwa wakati baba yu hai, kwa mbao nzito ambazo hazipatikani tena, na msumeno ulipoanza kulia, mama alitoka nje akasimama barabarani hadi ulipomaliza. Zikatoka meza ndogo za mtu mmoja mmoja, zimewekwa mbali kiasi cha watu kutoweza kupitishiana chumvi. Kati ya meza na meza tuliangika nailoni nyeupe kutoka darini hadi sakafuni. Madirisha nayo tuliyapigilia nailoni, kwa sababu sharti mojawapo lilikuwa usafi wa chakula, na vumbi la Jogoo Road halijawahi kumwogopa mtu.

Halafu ikaja habari ya jagi na beseni, nayo ilimuuma kuliko meza. Kwetu mgeni hanawi peke yake. Kila siku, kabla ya chakula, mama alizunguka na maji ya vuguvugu, akammiminia kila mtu mikononi, na kwa wazee alikunja goti kidogo. Hakuna hoteli nyingine pale mtaani iliyofanya hivyo kwa wateja wa kulipa. Sasa tuliweka pipa lenye bomba nje ya mlango wa mbele, na sabuni imefungwa kwa kamba, kila mtu ajinawie. Mama aliliweka jagi juu ya kabati, akalifunika kwa kitambaa.

Mimi nilipewa kazi ya kusimama mlangoni na kile kidude cha kupimia joto, kinachofanana na bastola. Mteja wa kwanza kukitazama kwa dharau alikuwa mzee mmoja mstaafu wa reli, rafiki ya baba, ambaye alikula kwetu tangu nikiwa sijaota meno.

"Nimefanya kazi reli mpaka nikazeeka," alisema, "na sijawahi kuelekezewa bunduki kichwani. Leo nielekezewe na mtoto niliyemwona akitambaa?"

"Ni sheria, mzee."

"Basi piga, nife nikiwa nimeshiba. Umeniwekea mrenda?"

Tulicheka. Siku za mwanzo tulicheka sana, kwa sababu moshi ulikuwa umerudi juu ya paa letu na sufuria zilikuwa na kitu ndani yake.

Tatizo lilikuwa wenyeji. Nilisimama mbele na bastola yangu, pipa limejaa, sabuni ipo, nao wakawa wanaingia kwa nyuma. Si kwa ubishi. Miguu yao ilikuwa imezoea. Mtu alitoka kazini akiwaza njaa yake, akajikuta yuko jikoni ameshafunua sufuria, hajanawa, hajapimwa, barakoa iko kidevuni. Mama mdogo aliwafukuza kwa mwiko. Walitoka, wakaomba msamaha, na kesho wakarudi kulekule. Mmoja wa mafundi aliumia kabisa. "Mathe, mimi nipitie mbele na ma-stranger? Kwani nimekosea nini? Mimi si wa hii nyumba?"

Mama alimwambia ni wa nyumba hii, na ni kwa sababu hiyo asife. Lakini jioni ile, tukiwa tunafagia, alisimama akautazama ule mlango kwa muda mrefu. Niliweza kusimama na bastola mlango mmoja tu. Bomba lilikuwa moja. Kumwajiri mtu wa pili hakungewezekana. Asubuhi iliyofuata seremala alirudi, akaupigilia mlango wa nyuma mbao tatu kwa misumari mirefu, akaongeza bati juu yake, na mwanya wa chini mama aliujaza magunia ili panya wasipite. Akairudia kazi ile mwenyewe kwa nyundo pale alipoona seremala amefanya uvivu. Nilimshikia misumari. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona lolote ila usalama.

Mama mdogo alikuta kigoda chake kimesogezwa kando ya jiko. Alikitazama, akazitazama zile mbao.

"Dada, umenifungia ndani ya sufuria."

"Vumilia. Ni kwa ajili ya watu."

"Kwani mimi si watu?"

Alisema hivyo akifanya mzaha, na sote watatu tulicheka.

Afisa wa afya alikuja wiki hiyo. Alikuwa mtu mpole, si wale wanaokuja kutafuta kosa ili wapewe soda. Alinawa, akapimwa, akapita kati ya meza akigusa nailoni kwa kidole. Alipofika jikoni aliugonga ule mlango uliozibwa, kama mtu anayebisha hodi. "Mama, hapa ndipo wengine wote wanaposhindwa," alisema. "Mlango mmoja tu wa kuingilia. Hii ni kazi safi. Nitawaambia wenzako waje wajifunze kwako." Na kweli wakaja. Wenye vibanda vya pale karibu walikuja mmoja mmoja, wakatazama, wakasifu, wakarudi kwao na misumari. Mama alitembea akiwa ameinua kichwa siku hizo, na sikumlaumu. Ilikuwa mara ya kwanza serikali kumwambia neno zuri.

Mzee wa reli hakuingia tena ndani muda wote mlango ulipokuwa umezibwa. Alifika mchana wa siku ile mlango ulipozibwa, akazunguka nyuma kama kawaida yake, akakuta bati. Akarudi mbele polepole. Hakutaka hata kupimwa. Alisema yeye hawezi kuingia kwa marehemu rafiki yake kama mgeni, na kama hana njia basi apewe sahani yake akae nje. Pale nje, kando ya ukuta, palikuwa na gogo la reli ambalo baba alilileta zamani liwe benchi. Aliketi juu yake, upepo ukimpeperusha koti, sahani magotini, akala. Mama aliona aibu. Alinituma mara kadhaa nimbembeleze aingie ndani palipo salama. Alikataa. Kila siku alikuja, akala nje, akaondoka amenuna, na mama alisema ukaidi wa mzee yule ndio utakaomuua.

Baridi ilikuja, ile baridi ya Nairobi ya katikati ya mwaka ambayo haina mvua wala jua, ni wingu tu limekaa. Watu walipenda kuingia kwetu kwa sababu palikuwa na joto. Sasa nikikumbuka lile joto mwili hunisisimka. Mvuke wa ugali ulipanda ukagonga mabati ukakosa pa kwenda. Nailoni zilitoka jasho. Kila mteja alikaa peke yake katika kijumba chake cheupe, akavua barakoa kwa sababu hakuna anayekula kwa barakoa, na kwa kuwa hawakuonana walipaza sauti. Walibishana mpira kupitia nailoni. Fundi yule aliyeumia moyo alikuwa amekubali kupita mbele. "Mathe, hapa ndani ni moto, tunachemka kama githeri," alisema siku moja. Mama alimjibu kwamba githeri haiugui. Meza zilipanguswa kwa dawa baada ya kila mtu. Vijiko vilichemshwa. Mama alifuta mpaka misumari.

Mama mdogo ndiye aliyeumia na joto kuliko wote. Alisonga ugali akikohoa moshi, barakoa imelowa imemganda usoni, na alipoona hakuna anayemtazama aliishusha kidevuni avute pumzi. Siku moja, kabla wateja hawajaingia, nilimsikia akizungumza na mama kwa sauti ya chini, bila mzaha.

"Dada, nifungulie hata kiasi cha mkono kupita. Nitasimama hapo mwenyewe nizuie watu."

"Nikifungua kiasi cha mkono, kesho watapitisha miguu."

"Kiasi cha mkono tu."

"Nimewaahidi watu. Afisa mwenyewe ameona." Mama alimshika bega. "Hii kitu itaisha. Ikiisha nitaung'oa mlango wote, ukae na upepo mpaka uchoke."

Mama mdogo alirudi kwenye mwiko wake. Hakuomba tena. Alikuwa mtu wa namna hiyo, akiomba mara moja akanyimwa, alimezea.

Fundi mmoja aliacha kuja, halafu mwingine. Tulidhani ni kazi imepungua, kwa sababu kazi ilikuwa inapungua kila mahali. Kisha asubuhi moja mama mdogo hakufika. Mama alisonga ugali mwenyewe na kunituma Mukuru.

Nilimkuta ameketi kitandani, amejifunika kanga mbili na koti, mgongo ameuegemeza kwenye bati la ukuta. Alivuta pumzi fupi fupi, kama mtu aliyetoka kupanda ngazi. "Usiingie sana," aliniambia. "Ni baridi tu. Nani amepika leo?" Nikamwambia ni mama. "Maskini wateja," akasema. Hayo ndiyo maneno ya mwisho yenye kicheko niliyoyasikia kwake, na hata yale yalimchosha.

Tulimpeleka hospitali. Pale langoni walimchukua, wakaturudisha. Hakuna aliyekuwa mkatili, walikuwa wamechoka tu, na macho yao juu ya barakoa hayakuwa na ahadi yoyote. Tuliambiwa tusubiri simu. Mimi nilipoteza harufu ya kila kitu kwa siku kadhaa, nikanusa parafini nisisikie kitu, nikapona. Mama hakupata hata mafua. Hilo hajalisamehe mpaka leo. Alikaa karibu na simu akiwa ameivaa barakoa ndani ya nyumba yake mwenyewe, na ilipolia hakuweza kuishika, nikaishika mimi.

Nina hasira na mengi ya kipindi kile, lakini mazishi ndiyo sijui niyaweke wapi. Alipelekwa magharibi haraka haraka, watu wachache wakiruhusiwa, wengine wamevaa meupe kutoka kichwani hadi miguuni. Mama aliambiwa asimame mbali, akasimama mbali. Aliporudi Kaloleni hapakuwa na matanga. Na hoteli yetu ndiyo iliyokuwa ikiyapikia matanga ya mtaa mzima. Mtu akifiwa, watu walikutana kwenye ukumbi wa mtaa kuchanga na kupanga safari, na chai na maandazi yalitoka jikoni kwetu, kwa mkono wa mama mdogo, usiku baada ya usiku. Sasa ukumbi ulikuwa na kufuli. Alikuwa amewapikia nusu ya marehemu wa Kaloleni, na yeye mwenyewe hakunywewa hata kikombe kimoja. Majirani walipiga simu. Mzee wa reli alikuja akasimama nje ya ua wetu, kofia mkononi, akalia wazi wazi, kisha akaenda zake.

Mama alisema anafunga, kama alivyoahidi. Lakini kwanza tulienda kusafisha. Alikuwa mtu wa kusafisha hata anapobomoa. Redio ilikuwa imewashwa, na daktari mmoja alikuwa akihojiwa kuhusu hoteli na jinsi zinavyoweza kuendelea na kazi bila kuhatarisha watu. Nilisikiliza nusu nusu. Alisema kufuta meza ni vizuri, kunawa ni lazima, lakini ugonjwa huu unasafiri kwa hewa, na hewa iliyokaa mahali pamoja ndiyo hatari kubwa. Fungueni madirisha, alisema. Fungueni milango ya pande zote mbili ili hewa ipite. Kama mna uwanja, walisheni watu nje.

Nikanyoosha mkono nizime. Mama aliniambia niache.

Alikuwa ameshika kitambaa chenye dawa. Alisimama hivyo mpaka mazungumzo yakaisha na tangazo la sabuni likaanza. Kisha alikiweka kitambaa juu ya meza, akakikunja vizuri, akaenda jikoni. Nilisikia nyundo. Alikuwa anaing'oa misumari kwa mkia wa nyundo, na kwa vile aliipigilia vizuri ilikuwa migumu, akawa anailalia kwa uzito wake wote. Nilitaka kumsaidia, akanisukuma kwa kiwiko. Bati lilianguka. Zikaja mbao. Mlango ulipofunguka, upepo ulipita jikoni, ukavuka ule ukuta usiofika juu, ukaziinua nailoni zote kwa pamoja, na katika muda mfupi chumba kilikuwa baridi kama barabarani. Lilikuwa jambo rahisi sana. Ndilo lililonitia kichaa, urahisi wake. Tulikata meza, tulinunua pipa, tulichemsha vijiko, tulimnyima mzee kiti chake, na dawa yenyewe ilikuwa mlango ambao baba aliuweka pale bila hata kufikiri.

Mama alikichukua kile kigoda akakirudisha kizingitini. Akakaa juu yake, mguu mmoja ndani, mwingine nje.

Nilimwambia yale ambayo kila mtu angesema. Kwamba hakuna anayejua mama mdogo aliupatia wapi. Huenda ilikuwa foleni ya maji kule Mukuru. Huenda ilikuwa njiani, viwandani, kanisani. Kwamba afisa mwenyewe alisifu.

"Labda," mama alisema. "Lakini foleni ya maji hakuniomba. Aliniomba mlango."

Niliinama nikaokota misumari. Wale waliokuja baadaye na majibu yao, kwamba ni mpango wa Mungu, kwamba siku zake zilikuwa zimefika, niliwaonea hasira ambayo sikuificha. Mmoja nilimwambia atoke.

Hatukufunga mara moja. Mama alibadili nia, kwa sababu njaa haikujua kwamba tuna msiba. Tukajaribu kwa njia sahihi. Mabenchi nje, kando ya gogo la reli. Nailoni tukazitoa. Mlango wa nyuma wazi, madirisha wazi, watu wakala wakiwa wamevaa makoti. Mzee wa reli alikuja, akapita jikoni bila kuambiwa, akafunua sufuria, akaifunika tena taratibu kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumtukana. Yeye hakuugua hata siku moja. Kununa kwake kulimweka kwenye upepo, na alilijua hilo, na lilimfanya asiweze kumtazama mama usoni.

Wengine hawakurudi. Waliogopa, au hawakuwa na kazi, au walisikia kwamba mpishi alikufa. Mama alisonga ugali ukawa na madonge, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika hoteli ile. Nami nilitembea mezani nikiwaza kwamba sasa tunajua kila kitu kinachotakiwa kujulikana, tunaweza kumfundisha afisa na hoteli zenye lifti pia, na hakuna wa kumpikia. Kabla mwaka haujaisha mama alikabidhi funguo. Leo pale wanauza vifuniko vya simu. Mlango wa nyuma wameuziba kwa matofali, kwa kuogopa wezi, na nikipita naangalia upande mwingine.

Mama hakurudi magharibi kulima. Yuko Kaloleni, nyumbani, na haulizi habari za mtu. Jagi liko juu ya kabati, limefunikwa. Ugonjwa wenyewe watu wameusahau, wanausimulia kama kichekesho, barakoa na bastola ya joto. Sisi kwetu umebaki mlango. Jikoni kwa mama kuna mlango unaotokea uani, na haufungwi, mchana wala usiku, mvua inyeshe au isinyeshe. Majirani wamemwonya kuhusu vibaka. Paka wa mtaa mzima wanakula sufuriani kwetu. Katikati ya mwaka, baridi ikikaza, kuta zinatoa ukungu, naye analala amevaa soksi na kofia, anakohoa, na hilo linanitia hofu.

Juzi niliamka nikamkuta amekwisha kukaa jikoni kabla ya mapambazuko kukamilika, upepo unampiga kifuani. Nilienda kuufunga mlango. Nilifikiri amelala kitini.

"Mama, baridi," nikasema. "Niufunge tu, utaugua."

Alifungua macho. Hakukasirika.

"Niachie hata kiasi cha mkono," alisema.